Swali la Sindano

Mume wangu wanamwita Mapafu, na hata mimi nikikasirika humwita hivyo hivyo. Kazi yake ni kupuliza kioo. Nyuma ya maabara ya kemia pale chuoni ana chumba chenye meza ya mawe, mitungi miwili ya gesi na tochi ya moto inayovuma kutwa nzima. Chombo kikipasuka, wanafunzi humletea. Chombo kisichouzwa popote, walimu humchorea kwenye karatasi naye hukitengeneza. Aliyemfundisha alikaa naye miezi mitatu tu, akastaafu na kuhamia mbali. Tangu hapo, miaka kumi na tisa, amefanya kazi hiyo peke yake, na kama nchini yupo mwingine, sisi hatukupata kumsikia.

"Wewe ndiye bingwa wa taifa," nilikuwa namtania. "Na wa mwisho pia ni wewe."

Mwaka juzi vyombo vyake vikaanza kuvuja. Si vyote, ila vya kutosha kumtia aibu. Mrija ulioungwa vizuri kwa kuutazama, ukitiwa maji unatoka jasho kwenye kiungo. Mkuu wa idara, mtu mpole anayeongea chinichini, hakugomba. Alimpa kazi moja tu: kipozeo kirefu, yaani mrija ndani ya mrija, maji yapite nje na mvuke upite ndani, viungo vitatu na pasivuje hata tone. Kikivuja, chumba kinageuzwa stoo na vyombo vitaagizwa kutoka nje. Muda wake ni mpaka mwisho wa muhula.

Hilo la kipozeo aliniambia. La macho hakuniambia, nilimnasa mwenyewe. Siku moja nilimpelekea chakula, nikasimama mlangoni nikamwona anaunga kioo huku uso kaugeuza pembeni, kama mtu anayekata vitunguu.

"Mbona hutazami?"

"Nikitazama naona njano tupu," akasema, na papo hapo akajuta. "Miwani ya jua nimejaribu, inatia giza kila kitu. Usimwambie mtu. Nadhani macho yangu yanakwisha."

Moyo ulinilipuka, lakini mimi ni fundi cherehani. Nguo siikubali mpaka niigeuze ndani nje nione ilivyoshonwa. Alasiri ile nikamkalisha dirishani, nikampa sindano na uzi mweusi. Akapenyeza mara ya kwanza. Nikampa nyingine, nyembamba zaidi. Akapenyeza, akaniuliza kama nimeshamwajiri. Tukaenda kwa daktari wa macho, naye akasema macho ya Mapafu ni mazima kuliko yangu.

Hapo ndipo raha iliponiisha. Jicho linaona tundu la sindano, vipi lisione mrija mnene kama kidole gumba? Nilishona sare za shule nikiwaza swali hilo hilo, hata nikaweka mfuko mgongoni mwa shati.

Mkutubi wa chuo, mteja wangu, ndiye aliyenitafutia pa kuuliza. Kumbe kuna chama cha mafundi wa vyombo vya kioo vya sayansi, watu wa nchi mbalimbali, hukutana mara moja kwa mwaka, na mwaka ule walikuwa wanakutana mji wa safari ya siku moja kutoka kwetu. Akanichapia fomu.

"Chama?" Mapafu akacheka kicheko cha uchungu. "Nina kamati ya shule, nina umoja wa mtaa, nina wewe. Chama cha nini tena? Niende nikawaambie mabingwa kwamba nashindwa kuunga mrija?"

"Usiwaambie. Wewe jaza tu."

Alijaza shingo upande. Mwisho wa fomu palikuwa na nafasi ya swali kwa wanachama, kama mwombaji analo. Akaandika: "Sina." Nilipokwenda kuituma nikalikata neno hilo kwa kalamu, nikaandika chini yake: "Kwa nini jicho linaloona tundu la sindano lisione kioo kikiwa motoni?"

Kwenye mkutano tulikwenda wote wawili. Katika karakana ya chuo cha ufundi tulikuta watu kama arobaini, vidole vyao vina makovu ya moto kama vya mume wangu, na wakishika mrija wanainua kidole cha mwisho juu. Miaka yote nilidhani yale ni madoido yake. Yeye alijibanza nyuma karibu na mlango.

Mwanamke mmoja mnene, aproni imeungua, miwani ya zambarau inaning'inia shingoni, akasimama na karatasi mkononi. "Nani aliuliza swali la sindano?"

Mapafu akanikazia macho. Nikatazama dari.

"Ni mimi," akasema. "Kusema kweli, ni mke wangu."

"Basi njooni wote."

Akawasha tochi, akampa mrija. Mapafu akauingiza motoni, akageuza uso kama kawaida yake. "Hapana, tazama," yule mama akamwambia, akamvika ile miwani.

Mume wangu akaacha kuzungusha. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, maana kioo kikilainika usipokizungusha kinalala chini kama asali. Kikalala. Watu wakacheka, naye hakusikia.

"Njano imekwenda wapi?"

"Kwenye kioo mna sodiamu, ile ile ya chumvi ya mezani. Ikipata moto inawaka njano na kufunika kila kitu. Miwani hii inaizuia njano hiyo peke yake. Ulipokuwa kijana jicho lilivumilia, kwa umri huu linakataa."

"Mnavaa wote?"

"Wote, tangu siku ya kwanza kazini. Hakuna aliyekwambia?"

"Nani angeniambia?"

Mimi nilikasirika, sitaki kusema uongo. Nilimkasirikia yule mzee wa miezi mitatu, nikajikasirikia na mimi niliyekuwa namwita bingwa. Mapafu akanivika miwani akaunga mirija miwili mbele yangu. Nikaona ncha zikigusana, nyekundu hafifu, na kati yake ufa mwembamba kama uzi ukififia mpaka ukaisha. Kumbe maji yalikuwa yakipita hapo.

Siku mbili zile hakunyamaza. Aliuliza kuhusu gesi, kuhusu kupoza kioo polepole, akaandika majibu mpaka kiganjani. Nao wakamuuliza aliwezaje kufanya kazi bila kuona. Akawaonyesha jinsi ya kupima ulaini kwa uzito mikononi, akiwa amefumba macho, na wale mabingwa wakamzunguka. Yule mama akamwachia miwani mpaka apate yake.

Siku ya kukijaribu kipozeo nilisingizia kupeleka chakula. Mkuu wa idara akafungua maji, tukangoja. Akapitisha kidole kwenye kiungo cha kwanza, cha pili, cha tatu, akakitazama kidole. Kikavu.

"Umebadilisha nini?"

Mapafu angeweza kusema ni gesi, au kioo kipya, na mkuu angeridhika.

"Nilikuwa sioni, mkuu," akasema. "Miaka yote hiyo nimeunga bila kuona, na sikujua kwamba kuna kuona."