Sakafu Isiyotaka Kukanyagwa

Mjomba wangu alistaafu ualimu mkuu, lakini ukuu haukumtoka. Mtaani walimwita Hedimasta, naye aliitika kwa raha. Salamu alizipokea kwa kichwa tu, kama mtu anayesahihisha daftari.

Bibi alipofariki aliwaachia yeye na mama yangu nyumba ya vyumba vinne, na wapangaji ndani yake. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyomomonyoka. Ukifagia, unazoa mchanga wa sakafu yenyewe. Wapangaji walilalamika, nao walikuwa na haki. Mama akapendekeza vigae vya kawaida, vyenye mkwaruzo kidogo, rangi ya udongo.

"Kaka, ile ni nyumba ya watu kuishi," alisema. "Watu wana ndoo, wana watoto, wana vitanda vya chuma."

"Dada, niachie mimi. Mambo haya yanataka mtu aliyesoma."

Mama aliachia, ila akanituma mimi niende dukani nikawe macho yake. Mjomba alipita kati ya rafu mikono mgongoni, kana kwamba anakagua wanafunzi waliochelewa. Mbele ya vigae vyeupe vinavyong'aa akasimama. Aliona uso wake ndani yake, na habari ikaishia hapo. Sijawahi kumwona akimtazama mtu yeyote kwa upole namna ile.

Fundi wa vigae tuliyekwenda naye alichukua kimoja, akakigeuza, akakigonga kwa kidole.

"Mzee, hivi ni vya ukutani. Ni vyembamba. Ukivilaza chini, mguu wa kitanda utavipasua. Na vikilowa vinateleza."

"Umefanya kazi hii miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Mimi nimeongoza shule miaka ishirini na miwili. Kigae ni kigae."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tabu ni kwamba hapa mkuu alikuwa mjomba mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na wa kumsikiliza.

Vikawekwa. Sikatai, vilipendeza. Majirani walikuja kuchungulia, na mjomba akasimama mlangoni akipokea pongezi kama aliyejifungua.

Wiki ya pili, chumba cha kwanza kikatoa ufa mwembamba kama unywele. Mjomba aliuona. Najua aliuona, maana aliukanyaga akabaki amesimama juu yake mazungumzo yote na mpangaji, mpaka akaaga. Kesho yake akabandika masharti ukutani, kumi na moja, yamepigwa chapa. Viatu vibaki nje. Vitanda visisogezwe. Ndoo zisiwekwe chini; ziwekwe wapi, hakuandika. Watoto wasikimbie ndani. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga aliuliza kama kutambaa kunaruhusiwa.

"Taratibu," mjomba akamjibu, wala hakuwa anatania.

Chumba cha tatu alikaa fundi cherehani, mjane, na cherehani yake ya miguu ya chuma ndiyo iliyowalisha wanawe wawili. Jumamosi moja mjomba aliingia, akapiga magoti, akahesabu vigae vilivyopasuka. Vilikuwa tisa.

"Umeniharibia nyumba," alisema.

Yule mama hakuacha kukanyaga cherehani. "Mzee, mimi nimeikalia sakafu tu. Nilidhani ndiyo kazi yake."

Akaambiwa aitoe cherehani nje. Aliitoa, na vyombo vingine vyote akavitoa pamoja nayo, akahama. Wengine wakamfuata. Wa mwisho waliondoka baada ya mke kuteleza na ndoo ya maji akateguka kiwiko. Mjomba alikwenda kumpa pole. Alipofika kitandani kwake, alimuuliza kama alikuwa amevua viatu.

Nyumba ilikaa tupu miezi mitano. Kila Jumamosi Hedimasta alikwenda na tambara lake kupiga deki vyumba visivyo na mtu. Mkewe alisema mumewe hatimaye amepata mpangaji anayemfaa, yaani vumbi. Nyufa nazo ziliendelea kuongezeka, na aliyekuwa akitembea humo ni yeye peke yake.

Mama alichoka. Alikwenda kwa kaka yake asubuhi, akanyoosha mkono, akasema, "Funguo." Akapewa. Akamwita fundi yule yule wa vigae, naye akaja bila kusema "niliwaambia", jambo ambalo mjomba asingeliweza hata kwa kufungwa mdomo. Siku nne alibandua kwa patasi na nyundo. Mjomba alikaa barazani na gazeti, ukurasa mmoja kutwa nzima. Kisha vikaja vile vya rangi ya udongo.

Mama alimfuata fundi cherehani alikohamia, akamwomba arudi aone. Akaja na cherehani yake na kabati lake, akaiweka cherehani dirishani, akakanyaga kidogo kusikiliza. Haikutikisika. Mjomba, ambaye hakuwa amemsalimu, akakohoa.

"Nilichagua vigae hivi kwa ajili ya cherehani yako," alisema.

Yule mama alimtazama mama yangu. Nikasubiri; miezi mingapi mama yangu alikuwa amelimeza jibu lake? Lakini hakulitoa. Alimwonyesha kaka yake kabati lililobaki mlangoni, akamwambia ashike upande wa pili.

Akashika. Walilikokota mpaka kwenye kona, yeye akitweta na kutoa maelekezo.