Namba ya Fremu Isiyotaka Kugawanyika

Mjomba wangu ni fundi baiskeli. Ukimwambia aoe, hagombani nawe. Anaipindua tu baiskeli yake, magurudumu juu, anakuonyesha namba iliyogongwa chini ya fremu: 510,511.

"Igawe hiyo bila kubakiza kitu," anasema. "Siku ikigawanyika, naoa."

Jamani, hayo ni majibu ya mtu mwenye mvi?

Alishaijaribu mwenyewe kwa chaki, kwenye ukuta wa kibanda chake. Kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, moja. Nne hakuhangaika nayo, maana iliyoishinda mbili, nne itaiweza wapi? Kwa tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba: moja, moja, moja tupu. Akaweka chaki chini. Ndivyo anavyopima hata gurudumu: analizungusha mara chache, likipita sawa anasema limenyooka, huyo anakwenda kunywa chai.

"Hii ni namba tasa," akatangaza. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kila ukiigusa inabaki moja, peke yake. Kama mimi!"

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi ninayempikia kila jioni sikuona cha kuchekesha.

Namba ilikuwa kisingizio. Alimpenda fundi cherehani wa kibanda cha pili, akaogopa kukataliwa. Kila suruali yake ilipunguzwa kiuno, ikaachiwa, ikapunguzwa tena, ili mradi tu apate sababu ya kusimama mlangoni kwa yule mama. Mtaa mzima tulijua. Akiulizwa, anapindua baiskeli.

Asubuhi moja bibi yangu, mama yake, akaja kibandani na fimbo yake. Safari hii hakufoka.

"Mwanangu," alisema, machozi yakimlengalenga, "nife nikuache na spana?"

Na lile jinga likainama kushika baiskeli! Nilitamani kumrushia pampu.

Ndipo fundi cherehani akatoka, futi shingoni.

"Baada ya kumi na saba kuna nini?"

"Kumi na nane," Mjomba akajibu haraka.

"Hiyo ni ya mbili, usijitoe ufahamu."

Mjomba akahesabu kwa kidole. "Kumi na tisa."

Mama wa watu akachukua chaki, akaandika ukutani, chini ya zile moja zote: 19 × 26,869. Nikazidisha kwenye simu. 510,511. Haikubaki hata chembe. Bibi akapiga kigelegele, mteja akaacha baiskeli yake akaja kuchungulia.

"Umeigundua sasa hivi?" Mjomba aliuliza, jasho likimtiririka.

"Mwaka wa tatu huu."

"Mwaka wa tatu! Mbona hukusema, fundi mwenzangu?"

"Ningesema, ungeoa kwa sababu ya kumi na tisa. Mimi siposwi na hesabu. Nilingoja uniulize mwenyewe, na wewe unanionyesha fremu. Leo nimemwonea huruma mama yako, siyo wewe. Haya, namba imekwisha. Una la kusema?"

Mjomba alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena. Akauliza. Lakini sauti ilimtoka ndogo mno, hata Bibi akamgonga mguu kwa fimbo.

"Rudia, mwanangu. Mwenzio hajasikia."