Safari Bila Kilio

Nchi yangu nimeizunguka kwa vifo. Likasi niliijua tulipomzika baba mkubwa. Kolwezi nilifika kwa ajili ya shemeji. Kalemie, ambako watu husema ziwa lake ni kama bahari, nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiwa nimeligeuzia ziwa mgongo, maana viti vyote vilielekezwa kwenye jeneza. Hata Kinshasa, ndege ilitushusha, tukaenda mochwari, tukaenda makaburini, tukarudi. Mto ulikuwa karibu sana. Wenyeji waliniambia ule upepo tuliousikia ulitoka huko. Sikuuona. Halafu namsikia mgeni wa wiki mbili akihadithia misitu yetu, volkano zetu na muziki wa Kinshasa, nami nakasirika mpaka masikio yanawaka moto.

Basi mama alipostaafu, niliapa kwamba safari hii tutakwenda kuona kitu, si kuzika mtu. Mama alifundisha shule ya msingi hapa Katuba, Lubumbashi, maisha yake yote ya kazi. Kila mwaka somo la jiografia lilifika kwenye maporomoko ya Lofoi, yaliyo katika mkoa wetu huu huu, na kila mwaka aliwachorea watoto ubaoni mstari mrefu mweupe wa chaki ukianguka kutoka juu ya mlima. Yeye mwenyewe hakuwahi kuyaona. Siku moja mwanafunzi alimuuliza, "Maîtresse, wewe uliyaona?" Akamjibu kwamba somo limekwisha. Alinisimulia jambo hilo akicheka, lakini mimi sikucheka. Magoti yake yalikuwa yameanza kukataa ngazi za kanisa, na nilijua tukingoja zaidi hataweza tena kutembea mpaka ukingoni.

Tulipokuwa tunapakia gari, jirani alivuka barabara mbiombio, uso ameshaukunja. "Mama, pole. Ni nani?"

"Hakuna mwenye alikufa," mama akasema. "Tunaenda kutembea tu."

Jirani akanikazia macho mimi, kana kwamba ninamficha mama habari.

Mbali na mji, barabara ya vumbi jekundu ilikuwa imefungwa kwa mti uliolazwa juu ya mapipa. Kijana mwenye sare akaja dirishani.

"Munaenda wapi?"

"Lofoi, kuona maji."

"Maji gani? Kwenu Lubumbashi maji haiko?"

Nikamweleza kuhusu maporomoko. Akauliza tuna nani kule. Nikamwambia hatuna mtu.

"Kuona tu, ile ni kazi ya bazungu," akasema. "Ordre de mission iko wapi?"

Ordre de mission! Karatasi ya mwajiri, ya kuthibitisha kwamba umetumwa. Nani angenituma mimi kwenda kuangalia nchi yangu? Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa sauti ambayo mama hakuipenda, na tukasukumwa pembeni, juani. Likaja gari la wageni wenye kofia pana. Kijana yule alichungulia ndani, akatabasamu, akawatakia bonne visite, matembezi mema, akainua mti. Nilitaka kushuka nimng'oe vifungo vya sare kimoja kimoja. Mama alinishika mkono. Jua lilipanda, maji ya kunywa yakapata moto, na mama akaanza kuvua viatu kwa sababu miguu ilikuwa inavimba. Hapo niliona kwamba tungerudi nyumbani hivi hivi.

Nikashuka, nikamsogelea kijana. "Shefu, niliogopa kusema mbele ya mama. Ndugu yake alikufa kule. Tunaenda ku kilio."

Sijawahi kuona mtu akibadilika vile. Alivua kofia. Alimwita mwenzake, mti ukainuliwa. Akaenda kivulini, akarudi na mfuko wa makala, makaa yake mwenyewe ya kupikia, akauweka nyuma ya gari kwa ajili ya moto wa wafiwa. "Pole sana, Mama," akasema dirishani, kwa sauti ya mtoto mwema. Mama alimtazama, akanitazama mimi.

Niliondoa gari kwa hasira. Wema wote ule alikuwa nao tangu asubuhi! Alikuwa ameuhifadhi kwa ajili ya maiti. Mama yangu, mtu hai, mwenye macho yake na hamu yake, hakupewa hata kivuli.

"Umemuua nani?" mama akauliza tulipokwenda kidogo.

"Sikumtaja jina."

"Afadhali," akasema.

Tulifika. Mama alitembea akiegemea bega langu, akapumzika, akatembea tena, akasimama mahali ambapo maji yanaacha mwamba na kwenda chini mpaka yanageuka moshi kabla ya kugusa ardhi. Kisha akasema, kama mwalimu anayesahihisha kazi yake mwenyewe, "Niliwachorea yakiwa membamba mno." Akalia. Nami nililia, nusu kwa furaha, nusu kwa uchungu wa chaki yote ile.

Tulilala huko kwa walinzi wa hifadhi ya maporomoko, na kesho yake tukashika njia ya kurudi. Kijana wa kizuizi alilitambua gari. Alikuja mbio, kofia tayari mkononi.

"Mulizika muzuri, Mama?"

Nilikuwa nimeshaandaa jibu. Mama akaniwahi.

"Hatukuzika muntu. Mutoto wangu alikudanganya juu ya vile ulitufungia njia. Tulienda kuona maji, na tuliyaona. Makala yako iko nyuma, kamata."

Nilishika usukani kwa mikono miwili nikingoja ghadhabu yake. Haikuja. Alisimama pale akitazama upande tuliotoka, na mfuko wa makala hakuugusa.

Mama akatoa kichwa dirishani. "Na wewe, mutoto, unakaa karibu hivi. Ulishayaona?"

"Hapana, Mama," akasema. "Mi kule sina muntu mwenye alikufa."