Akiba ya Fundi Mkuu

Ofisini walimwita Mama Moshi, naye akaitika, kwani angefanyaje? Kazi yake ilikuwa kuhesabu moshi wa meli za mizigo. Kila siku adhuhuri manahodha walimletea habari: meli imechoma mafuta kiasi gani, imetembea wapi, imebeba nini. Ukijua mafuta yaliyochomwa, umejua hewa ya ukaa iliyotoka. Mwisho wa mwaka hesabu zilikwenda kwa wakaguzi, na meli iliyochafua hewa kupita kiasi ilipewa alama mbaya. Kazi kavu, utasema. Lakini ungemwona yeye akiifanya ungefuta kauli. Nahodha akileta hesabu za kubabaisha, alimpigia simu, akamsalimia vizuri, akawaulizia watoto, halafu akambana mpaka mambo yanyooke.

Mwaka huo meli moja kuukuu ilikuwa roho mkononi. Hesabu zake zilionyesha inabugia mafuta bila haya, na mwenye meli alikwisha kuapa kwamba ikipata alama mbaya tena, itauzwa kama chuma chakavu, mabaharia wote warudi makwao. Fundi mkuu wa mitambo wa meli hiyo alikuwa kaka yake Mama Moshi, yule yule aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki na kumsomesha kwa mshahara wa baharini.

Sasa, Mama Moshi alipolinganisha mafuta ambayo meli ilidai kuchoma na mafuta yaliyojazwa bandarini, mambo hayakuingiana. Kwa hesabu zile matangi yangekuwa yamekauka zamani. Meli ilikuwa inakwenda kwa dua? Jibu alilijua. Mafundi wa zamani wana mtindo wao: kila siku huandika kwamba wamechoma zaidi kidogo kuliko walivyochoma, na hicho kidogo hubaki tangini bila nahodha kujua. Si wizi. Ni akiba, ili siku bahari ikichafuka mafuta yasije yakapungua, wakafokewa wao.

Meli ilipofunga gati, Mama Moshi hakutuma mtu. Alivaa buti na kofia ngumu, akashuka ngazi hadi chumba cha mitambo, joto likimpiga usoni, akamwomba kaka yake ateremshe utepe wa kupimia tangi. Kaka akauteremsha taratibu, taratibu mno. Ulipovutwa juu ulikuwa umelowa mafuta kupita mbali kiwango alichokuwa ameandika mwenyewe.

"Mdogo wangu, nifichie hili," kaka akasema. "Watanitoa."

"Nikikuficha wewe, kaka, meli itauzwa kwa moshi ambao haikuutoa. Na wenzako wote watakosa kazi."

Akaushika mkono wa kaka yake, ule uliomfunga kamba za viatu vya shule, sasa umejaa grisi, akalia pale pale mbele ya mafundi wengine. Kesho yake akapeleka hesabu sahihi, akaeleza na aliyeficha mafuta ni nani. Ofisini wakanong'ona kwamba ana roho ngumu. Roho ngumu! Walionong'ona hawakuona jinsi chakula kilivyomshinda siku zile. Mtu anayempenda ndugu yake namna ile na bado akaandika kweli, mimi namvulia kofia.

Meli ikapata alama nzuri, na fundi mkuu akateremshwa melini. Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, begi begani, akabisha hodi. Mama Moshi alifungua mlango.

"Imeshaondoka?" kaka akauliza.

"Imeondoka asubuhi."

"Na watu wake wote?"

"Wote, kaka. Isipokuwa wewe."

Kaka akatua begi, akainama kuvua viatu.

"Afadhali mimi," akasema, akaingia ndani.