Ngombe za Shemeki mu Pori Yangu

Moto ilikula pori yangu yote, huku inje ya Bunia. Mvua ya kwanza ilipokuja, visiki vikatoa majani, hata ule muti wa dawa ya tumbo. Jina lake siwezi kuandika, masomo yangu ilikuwa kidogo. Nilifurahi sana. Kumbe asubuhi moja nakuta ngombe za shemeki, bwana ya dada yangu, zinatafuna vile vichipukizi.

"Shemeki, toa ngombe!"

"Aah, shemeki! Pahali moto imepita, majani iko ya wote. Weye unachunga majivu?"

Na desturi yetu ni ile kweli. Lakini nikazungusha miiba pale, dada akaniita muchoyo mbele ya kanisa, nikaitoa. Sasa kila asubuhi nasimama pale na fimbo, muzee muzima, nabishana na ngombe.