Mfaransa wa Saa za Alasiri

Kazi yangu ya kwanza Saudia ilikuwa Riyadh, kwa madam. Mama yake alipopigwa na kiharusi Jeddah, nikapakiwa kwenye ndege nikamlishe huko, mtaa wa Aziziya. Bibi hakuweza kusema, nusu ya uso ilikuwa imelala, na kula alikuwa hataki kabisa.

Kilichotuokoa ni mchekeshaji mmoja wa Kifaransa. Kila alasiri stesheni fulani ilionyesha kazi zake, nasi hatukujua hata neno moja la lugha yake. Nilimwona akiwa msichana kwenye filamu, mtumishi wa kuangusha sahani. Baadaye mke mnene wa polisi. Kisha, uzeeni, mama mkwe mkorofi wa tamthilia ya televisheni. Nywele zimekuwa nyeupe na bado anaanguka! Mimi nilichoka kwa kumtazama tu. Lakini bibi alicheka, na mdomo ukifunguka natia kijiko.

Siku moja stesheni ikakatika. Nikajiangusha mwenyewe, na trei mkononi, bibi akacheka hadi machozi. Tangu hapo nikawa naanguka asubuhi, mchana na jioni, hadi magoti yakavimba.

Mkataba ulipokwisha niliomba likizo, kwa sababu binti yangu alikuwa anaolewa. Madam akanijibu kwa simu kutoka Riyadh: "Mafi safari. Mama hali mpaka wewe umchekeshe. Halas." Yaani hakuna kusafiri, yameisha.

Nilijilaumu sana. Nani alinituma kuwa hodari? Nikaamua kutofaa kitu, ili madam aone hana haja nami, aniachilie. Nikazima televisheni, nikaacha kuanguka, nikakaa na kijiko, uso mkavu. Siku mbili bibi alikunywa maziwa tu. Nilimkasirikia, kisha nikaona aibu kumkasirikia mgonjwa.

Siku ya tatu alinitazama kwa muda mrefu. Halafu, kwa ile nusu ya uso iliyobaki hai, akaanza kukunja pua na kuzungusha jicho, kama afanyavyo yule Mfaransa kabla ya kuanguka. Akakosea, akarudia. Mwishowe akakisukuma kikombe chake kikaanguka sakafuni, akaningoja. Alidhani nina huzuni, alikuwa ananichekesha.

Nilicheka, nikalia, nikachukua trei.

Ijumaa ile binti yangu aliolewa, nami nilikuwa sakafuni Aziziya, bibi akimeza.