Bei ya Marehemu

Miaka ile ya ukimwi, Bukoba nzima iliheshimu kitambi. Aliyekonda alihesabiwa maiti. Kitambi changu kilinijazia ini mafuta, likaota saratani, madaktari wakakata kipande. Nilipona, ila nilikonda.

Sokoni Muleba nikamtajia muuza ndizi nusu ya bei yake, ili tuanze kubishana. Akanipa mkungu kwa bei hiyohiyo.

"Chukua tu, taata. Pole."

Nikajua ameshanizika. Nikafungua shati. "Mama, hili kovu ni la ini. Walitoa saratani, nimepona."

Akalikagua, akamwita na jirani yake alione.

"Kumbe utaishi?"

"Daktari kasema. Nilimuuliza mara mbili."

"Basi rudisha mkungu. Nusu bei utanifilisi!"

Tulibishana, hakushusha hata senti, nikalipa yote. Sikuwa nimeonewa vizuri namna ile tangu nilipolazwa.